Kuihamisha Baridi: Ukaushaji kwa Kugandisha wa Vibeba-Jeni vya Lipidi na Nafasi Yake katika Ukanda wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Chanjo na dawa zinazobeba maagizo ya kijenetiki ndani ya chembe ndogo za lipidi zimethibitisha uwezo wake, lakini nyingi zinahitaji baridi kali ambayo vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki haviwezi kuitunza. Makala haya yanaeleza jinsi ukaushaji kwa kugandisha unavyoweza kuzihifadhi chembe hizo, kwa nini sukari ndiyo nguzo ya kazi hiyo, na mipaka ya teknolojia yenyewe. Mfano unaotumika ni mji wa Bujumbura, kutoka vilima vya Kiriri hadi mpaka wa Gatumba. Hoja kuu ni kwamba ukaushaji hauifuti haja ya baridi. Unaihamisha kutoka njia ndefu ya usambazaji, ambako ni vigumu kuilinda, na kuipeleka mahali pamoja pa uzalishaji, ambako inaweza kulindwa. Makala yanagusia pia utata wa msamiati wa Kiswahili unaohusika, kwa kuwa utata huo unaweza kumfikia mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Kiriri ni mtaa wa mlimani, mashariki mwa Bujumbura. Kutoka katika miteremko yake, ambako pia ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, mtu huuona mji wote chini yake, uwanda wa Imbo, Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Magharibi mwa mji, katika uwanda huo, ndipo ilipo Gatumba, njia ya wasafiri wanaokwenda na kutoka Uvira. Mwezi Agosti 2019, wakati Ebola ikiendelea kuua watu katika Kivu Kaskazini na Ituri, Burundi ilianzia Gatumba kuwachanja wahudumu wa afya waliokuwa mstari wa mbele.

Chanjo iliyotumika, rVSV-ZEBOV, huibeba jeni ya protini ya Ebola ndani ya kirusi cha aina nyingine. Sharti lake la kuhifadhiwa ni nyuzi −80 hadi −60 za Selsiasi. Mchana wa kawaida katika Bujumbura hukaribia nyuzi 30. Kwa hiyo, kati ya friza iliyoitunza chanjo na mkono wa mchanjwaji kulikuwa na pengo la takribani nyuzi 100, na pengo hilo lilipaswa kudhibitiwa katika kila hatua ya safari.

Mwaka uliofuata tatizo hilohilo lilirudi kwa sura nyingine. Chanjo za COVID-19 za Pfizer-BioNTech na Moderna hazikutumia kirusi kubeba ujumbe wake. Zilitumia chembe za lipidi. Ya kwanza iliidhinishwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi −90 na −60, na ya pili katika nyuzi za friza ya kawaida zaidi, takribani −20. Rwanda, iliyokuwa imejiandaa kwa mafriza ya baridi kali, ilipokea chanjo ya Pfizer-BioNTech kupitia mpango wa COVAX mwezi Machi 2021. Burundi ilipokea shehena yake ya kwanza ya chanjo ya COVID-19 mwezi Oktoba 2021, nayo ilikuwa ya Sinopharm, inayotunzwa katika jokofu la kawaida la nyuzi 2 hadi 8. Haidaiwi hapa kwamba baridi peke yake ndiyo iliyoamua uchaguzi wa nchi yoyote. Linalodaiwa ni kwamba nchi isiyo na baridi kali huwa imepunguziwa uchaguzi kabla hata mjadala haujaanza.

Ndiyo maana swali la namna ya kuzihifadhi chembe hizi bila baridi kali ni swali la ukanda huu, hata kama majibu mengi ya kimaabara yametafutwa kwingineko.

2.0 Kibeba-jeni cha lipidi

Jeni haiingii katika seli kwa hiari. DNA na RNA ni nyuzi ndefu zenye chaji hasi, na utando wa seli, ambao nao una chaji hasi, huzisukuma mbali. Zaidi ya hayo, damu na majimaji ya mwili yamejaa vimeng'enya vinavyoikata RNA kwa muda mfupi. Inahitajika chombo cha kuufunika ujumbe huo, kuuvusha na kuuachilia ndani ya seli.

Mwaka 1987, Philip Felgner na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba lipidi za kutengenezwa zenye chaji chanya zinaweza kushikamana na DNA na kuiingiza katika seli. Ilichukua miongo mitatu kutoka hapo hadi mwaka 2018, dawa ya Onpattro ilipoidhinishwa ikiwa ya kwanza ya aina yake kutumia chembenano za lipidi kubeba kipande cha RNA. Miaka miwili baadaye zikaja chanjo za mRNA, yaani RNA-mjumbe.

Chembenano ya kisasa hujengwa kwa lipidi za aina nne. Katika chanjo ya Pfizer-BioNTech, kwa hesabu ya molekuli, asilimia 46.3 ni lipidi inayobadili chaji kulingana na asidi ya mazingira, asilimia 42.7 ni kolesteroli, asilimia 9.4 ni fosfolipidi inayoimarisha umbo, na asilimia 1.6 ni lipidi yenye mkia wa polietilini glaikoli, inayozuia chembe kugandamana. Lipidi ya kwanza ndiyo yenye siri ya kazi yote. Katika mazingira ya asidi hupata chaji chanya na kuikumbatia RNA. Katika damu haina chaji, hivyo haiidhuru seli. Na ndani ya kifuko cha seli, ambako asidi huongezeka tena, hurudisha chaji yake, huupasua utando na kuutoa ujumbe. Kipenyo cha chembe moja ni takribani nanomita 80 hadi 100. Chembe 1,000 zikipangwa mstari mmoja hufikia unene wa karatasi.

3.0 Kwa nini chembe huharibika

Adui wa kwanza ni maji yenyewe. Uti wa RNA hukatika polepole unapokuwa ndani ya maji, na joto huongeza kasi hiyo. mRNA ya chanjo ya Pfizer-BioNTech ina viungo zaidi ya 4,000, na mkato mmoja tu unatosha kuharibu maana ya ujumbe mzima, kwa sababu seli husoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo inapoonekana faida ya kulinganisha. Onpattro hutumia chembe za jamii hiyohiyo, lakini RNA yake ni fupi sana, ya viungo visivyofika 25 kwa kila uzi. Dawa hiyo hukaa katika jokofu la nyuzi 2 hadi 8 bila shida. Kwa hiyo chembe ya lipidi haidai nyuzi −70 kwa asili yake. Urefu wa ujumbe uliomo ndio unaodai hivyo.

Adui wa pili ni mabadiliko ya lipidi. Lipidi zikipata hewa na muda huoza kama mafuta ya kupikia yanavyochacha, na baadhi ya mabaki yake hujishikiza kwenye RNA na kuifanya isisomeke hata kama haijakatika.

Adui wa tatu ni kugandamana. Chembe zikigongana na kuungana huwa kubwa mno, husambaa vibaya mwilini na huweza kumwaga zilichobeba.

Kugandisha huzuia maadui hao watatu, lakini huleta madhara ya aina nyingine. Maji yanapoanza kuwa barafu, hujitenga na vitu vyote vilivyoyeyuka ndani yake. Chembe, chumvi na sukari husukumwa katika vijia vyembamba kati ya fuwele za barafu, ambako ukolezi hupanda mara nyingi. Fuwele huzikwaruza chembe, na chembe hubanwa pamoja. Hata asidi hubadilika: katika mchanganyiko wa fosfati ya sodiamu, sehemu moja ya chumvi hujitenga kama fuwele kabla ya nyingine, na kiwango cha asidi huongezeka ghafla. Kwa kibeba-jeni ambacho chaji yake hutegemea asidi, tukio hilo ni la hatari. Haishangazi kwamba mchanganyiko wa awali wa Pfizer-BioNTech, uliotumia fosfati, ulibadilishwa baadaye kwa mchanganyiko wa Trisi na sukrosi, na muda unaoruhusiwa wa kukaa katika jokofu la kawaida ukaongezeka hadi wiki 10.

4.0 Sukari kama mlinzi

Kabla ya wanamaabara, viumbe walikwishapata jibu. Katika vidimbwi vya miamba vya Nigeria ya kaskazini huishi mabuu ya mdudu aitwaye kitaalamu Polypedilum vanderplanki. Kidimbwi kikikauka, buu naye hukauka hadi karibu maji yote ya mwili wake yaishe, hubaki hivyo miezi hata miaka, kisha mvua ikinyesha huamka kwa muda mfupi. Anapokauka hujitengenezea sukari iitwayo trehalosi, inayoweza kufikia karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake mkavu. Katika miaka ya 1980, John Crowe na Lois Crowe wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba trehalosi hulinda tando za lipidi zinapokaushwa.

Ulinzi huo una njia tatu. Ya kwanza ni kushika nafasi ya maji. Vichwa vya lipidi huzungukwa na molekuli za maji zinazovitenganisha. Maji yakiondoka, vichwa husogeleana na utando hukakamaa au kuvuja. Sukari, kwa kuwa ina mikono ya kemikali inayofanana na ya maji, hukaa pale maji yalipokuwa. Ya pili ni kuwa kioo. Sukari iliyokolezwa na kupozwa haifanyi fuwele; huwa kigumu kisicho na mpangilio, kama peremende, na chembe zilizonaswa ndani yake haziwezi kusogea wala kuathiriana kwa kasi. Ya tatu ni kutenganisha. Mwaka 2000, Dean Allison, Marion Molina na Thomas Anchordoquy, waliochunguza mchanganyiko wa lipidi na DNA, walieleza kwamba wakati wa kugandisha jambo la msingi ni kuwapo kwa sukari ya kutosha kwa kila chembe, ili iitenge na jirani yake.

Hoja hiyo ya tatu ina funzo la vitendo. Mtu anayeongeza wingi wa chembe katika kichupa bila kuongeza sukari kwa uwiano uleule amepunguza ulinzi, hata kama asilimia ya sukari katika maji haijabadilika.

Sukari zinazotumika zaidi ni sukrosi na trehalosi. Sukrosi ni molekuli ileile ya sukari ya miwa inayotoka Moso nchini Burundi au Kagera nchini Tanzania, ingawa ya kutengenezea dawa husafishwa kwa kiwango cha juu zaidi. Tofauti ya msingi kati ya hizo mbili huonekana baada ya kukauka. Kioo kikavu cha sukrosi huanza kulainika katika nyuzi zipatazo 60 hadi 70, ilhali cha trehalosi huvumilia hadi zaidi ya nyuzi 100. Unyevu mdogo ukiingia, viwango hivyo hushuka haraka. Kwa hiyo katika nchi za joto kifuniko cha kichupa kina uzito sawa na kilichomo ndani.

5.0 Hatua tatu za ukaushaji

Inaweza kuulizwa kwa nini chanjo isikaushwe kama ndagala wanavyoanikwa ufukoni mwa Tanganyika. Jibu li katika namna maji yanavyoondoka. Ndagala anapokauka juani, maji hutoka yakiwa majimaji, na yanapopungua huvuta pande zote za nyama pamoja. Ndiyo maana samaki hujikunja na kusinyaa. Chembenano zikivutwa hivyo zingeungana. Zaidi ya hayo, jua lingeiunguza RNA kabla ya kazi kwisha. Ukaushaji kwa kugandisha huyafunga maji kwanza yasisogee, kisha huyatoa yakiwa mvuke bila kuyapitisha tena katika hali ya majimaji.

Hatua ya kwanza ni kugandisha. Vichupa huwekwa juu ya rafu ndani ya chumba cha chuma na kupozwa hadi chini ya kiwango ambacho mchanganyiko wote umekuwa kigumu. Kwa sukrosi kiwango hicho ni takribani nyuzi −32. Juu yake, vijia vilivyo kati ya fuwele bado ni ute mzito unaoweza kutiririka.

Hatua ya pili ni ukaushaji mkuu. Hewa huondolewa hadi kanieneo la chumba kuwa paskali chache tu. Chini ya paskali 611, maji hayawezi kuwa majimaji. Barafu ikipata joto hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke, tukio ambalo wanafizikia huliita usablimishaji. Rafu hutiwa joto kwa uangalifu kwa sababu kilo moja ya barafu huhitaji takribani megajuli 2.8 ili igeuke mvuke, sawa na karibu kilowati-saa 0.8. Mvuke huo ni mwingi mno: katika kanieneo la paskali 10, kilo moja ya barafu hujaza zaidi ya mita za ujazo 11,000. Hakuna pampu ya kawaida inayoweza kuvuta kiasi hicho. Badala yake mvuke hunaswa kwenye mabomba yaliyopozwa hadi nyuzi −50 au chini zaidi, na kuganda tena huko. Vichupa 1,000 vyenye mililita moja kila kimoja, ambavyo kwa jumla ni lita moja tu, vinahitaji mitambo hiyo yote.

Hatari kubwa ya hatua hii ni haraka. Joto la kichupa likivuka kile kiwango cha −32 kabla barafu haijaisha, ute hulainika, vinyweleo vilivyoachwa na barafu huporomoka, na kinachobaki ni utando ulionata chini ya kichupa. Kwa sababu hiyo hatua ya pili huweza kuchukua siku nzima au zaidi.

Hatua ya tatu ni ukaushaji wa mwisho. Barafu ikiisha, bado yapo maji yaliyoshikamana na sukari. Joto hupandishwa polepole, mara nyingi hadi nyuzi 20 au 30, mpaka unyevu ubaki asilimia moja au mbili. Vichupa hufungwa vikiwa bado ndani ya chumba, kabla hewa ya nje haijaingia. Ndani hubaki kibonge cheupe, chepesi, chenye umbo la maji yaliyokuwapo.

6.0 Kipimo cha mafanikio

Kibonge kizuri si ushahidi wa kutosha. Kikirudishiwa maji lazima yajibiwe maswali manne. Je, chembe zina ukubwa uleule? Hili hupimwa kwa jinsi zinavyotawanya mwanga. Je, RNA bado imo ndani? Hutiwa rangi inayong'aa inapokutana na RNA, kwanza kwa chembe zilivyo, kisha baada ya kuzipasua kwa sabuni. Tofauti ya mng'ao huonyesha kiasi kilichofungwa. Je, RNA ni nzima? Hupitishwa katika jeli yenye umeme inayotenganisha nyuzi fupi na ndefu. Swali la nne ndilo zito kuliko yote: je, kibeba-jeni bado kinafanya kazi ndani ya kiumbe hai?

Majaribio kadhaa ya awali yalifaulu katika maswali matatu ya kwanza na kuanguka katika la nne. Chembe zilirudi na ukubwa wake, RNA ikawa nzima, lakini uwezo wake katika wanyama ukapungua. Kwa kuwa umbo lilikuwa limehifadhiwa ilhali kazi imepotea, watafiti walilazimika kuchunguza upya mpangilio wa ndani wa chembe, aina ya chumvi na kiasi cha sukari.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzao, wakiwamo Norbert Pardi na Drew Weissman, walichapisha matokeo yaliyofikia mbali zaidi. mRNA iliyofungwa katika chembe za lipidi na kukaushwa ilibaki imara kwa wiki 12 katika joto la kawaida la chumba, na kwa angalau wiki 24 katika nyuzi 4. Panya waliochanjwa kwa chanjo ya mafua iliyokaushwa hivyo walipata kinga isiyopungua ya wenzao waliopewa chanjo isiyokaushwa. Weissman ndiye aliyepokea Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2023 pamoja na Katalin Karikó kwa kazi yao juu ya mRNA.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa kiasi. Joto la chumba la Philadelphia si joto la gari lililoegeshwa juani katika uwanda wa Imbo. Kipimo kinachofaa zaidi kwa ukanda huu ni kile ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kwa chanjo zinazoruhusiwa kutoka nje ya jokofu mwishoni mwa safari: kuvumilia nyuzi 40 kwa muda usiopungua siku 3. Chanjo ya uti wa mgongo ya MenAfriVac ilipata ruhusa ya aina hiyo mwaka 2012. Chanjo kavu ya mRNA ikifikia kiwango hicho, itaweza kutumia mfumo uliopo wa chanjo za watoto bila kudai mfumo mpya.

7.0 Funzo la chanjo kavu zilizotangulia

Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Chanjo ya ndui iliyokuwa majimaji ilipoteza nguvu upesi katika joto. Katika miaka ya 1950 Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, London, aliboresha njia ya kuikausha kwa kugandisha ili izalishwe kwa wingi, na baadaye chanjo iliyokubaliwa kimataifa ilitakiwa kubaki na nguvu hata baada ya mwezi mmoja katika nyuzi 37. Chanjo hiyo kavu ndiyo iliyobebwa na wachanjaji kwa miguu na kwa ngamia hadi Pembe ya Afrika. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya asili, Ali Maow Maalin, alipatikana Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977.

Leo muuguzi wa kituo chochote cha afya anazifahamu chanjo kavu mbili: ya surua na ya kifua kikuu. Anajua kwamba zina kichupa cha unga na kichupa cha maji yake maalumu, na kwamba zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Anajua pia, au anapaswa kujua, kwamba hatari huanzia pale maji yanapoingia. Mwezi Mei 2017, katika kampeni ya surua eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki. Uchunguzi uliotangazwa na Wizara ya Afya ya nchi hiyo na mashirika ya kimataifa ulieleza kwamba bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia chanjo kwa siku 4, na kwamba chanjo ilikaa siku hizo bila baridi. Ilichafuliwa, na uchafu huo ukaingia mwilini mwa watoto.

Ukavu, basi, humpunguzia muuguzi mzigo wa friza lakini humwongezea mzigo wa kuchanganya. Mpango wowote wa kuleta chanjo kavu ya lipidi usiohesabu mafunzo, mabomba mapya ya sindano na maji sahihi kwa kila kichupa utakuwa umehesabu nusu ya gharama.

8.0 Kutoka Kiriri hadi Gatumba

Tuseme friza ya baridi kali imewekwa Kiriri, na vichupa vinahitajika Gatumba. Kichupa kilichogandishwa kikitoka katika friza, saa yake huanza kuhesabika, na kikishayeyuka hakigandishwi tena. Umeme ukikatika na jenereta kukosa mafuta, jambo lisilo geni kwa wakazi wa Bujumbura katika miaka ya karibuni, kilichomo katika friza chote kinaweza kupotea kwa usiku mmoja. Kichupa kikavu kilichothibitishwa hupita katika mkasa huohuo kikiwa kimepunguziwa sehemu tu ya siku zake.

Sasa tuseme kilichoko Kiriri si friza bali mtambo wa kukaushia. Umeme ukikatika katikati ya hatua ya pili, mabomba yanayonasa mvuke hupata joto, kanieneo hupanda, barafu huyeyuka ndani ya vichupa na toleo zima huharibika. Hitaji la umeme wa uhakika halijatoweka. Limekusanywa mahali pamoja.

Kukusanya huko ndiko faida yenyewe. Nchi inaweza kushindwa kuhakikisha umeme usiokatika katika mamia ya vituo vya afya, lakini ikaweza kuuhakikisha katika jengo moja, kwa njia mbili za umeme, betri na akiba ya mafuta. Na si lazima kila nchi iwe na jengo lake. Kampuni ya BioNTech ilianza kusimika Kigali mwaka 2023 makontena ya kuzalishia mRNA. Barabara kutoka Kigali hadi Bujumbura, Bukavu au Bukoba ni safari ya siku moja mipaka ikiwa wazi. Bidhaa ikiwa kavu, safari hiyo haihitaji barafu kavu wala magari maalumu. Ikiwa imegandishwa, kila kivuko cha mpaka huwa mtihani.

9.0 Suala la msamiati

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kuyeyuka, kwa barafu inayogeuka maji na kwa unga unaopotelea katika maji. Katika mazungumzo ya nyumbani hakuna madhara. Katika chumba cha chanjo, "yeyusha kichupa" inaweza kumaanisha kukiacha kipate joto au kukitia maji, na matendo hayo mawili huanzisha saa mbili tofauti. Chanjo ya awali ya Pfizer-BioNTech iliongeza tendo la tatu: baada ya kuacha baridi, ilipaswa kuongezewa maji ya chumvi ili nguvu yake ifikie kipimo. Inapendekezwa vitenzi vitatu vitengwe: kuyeyusha kwa barafu pekee, kuchanganya kwa unga na maji yake, na kuzimua kwa kupunguza ukali wa kilichokwisha kuwa majimaji.

Kwa sababu hiyohiyo makala haya yametumia "ukaushaji kwa kugandisha" na kuepuka "ukaushaji wa barafu". Neno la pili humfanya msomaji afikirie barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, ambayo ni kitu cha kusafirishia chanjo na haihusiani na kukausha.

10.0 Hitimisho

Chembenano za lipidi hudai baridi kali kwa sababu zinabeba ujumbe mrefu ndani ya maji. Maji yakiondolewa kwa mpangilio, na sukari ikashika nafasi yake, dai hilo hupungua hadi kiwango ambacho jokofu la kituo cha afya linaweza kulitimiza. Ushahidi wa maabara upo, ingawa bado haujajaribiwa vya kutosha katika joto la nchi hizi. Kazi inayobaki kwa vyuo na wizara za ukanda huu inaonekana wazi: kupima vichupa vikavu katika nyuzi 40 na si 25, kupima kazi ya kibeba-jeni na si umbo lake pekee, kuchagua kwa pamoja mahali pachache pa kulindia umeme, na kumwandaa muuguzi kwa dakika ile ambayo maji yanaingia katika unga. Hilo la mwisho halihitaji mtambo wowote, na linaweza kuanza kabla kichupa cha kwanza hakijafika.